Siku Nilizojiita Akinyi

Juzi tulimzika Mama Seline, jirani yetu wa miaka mingi mtaani Nyalenda, na kwenye mazishi walitupa uji mchachu katika vikombe vya plastiki. Sijui nani aliamua. Pengine ni wanawe, kwa kuwa uji ndio uliowasomesha. Nilipoinua kikombe, ile harufu ya unga wa mtama uliochachuka ikanipanda puani, nikakishusha bila kunywa. Watu walikuwa wakipokezana maikrofoni. Alikuwa mcha Mungu. Aliimba kwaya mpaka sauti ikamwisha. Alilea watoto wasio wake. Yote kweli kabisa, wala sina neno. Lakini jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya halikuguswa na mtu, na kabla zamu ya majirani haijafika, msimamizi akasema muda umekwisha, jeneza lishushwe. Basi nitalisema hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza. Si siri. Mwenyewe alilisema mchana kweupe, mlangoni kwetu, uwanja mzima ukisikia.

Mama yangu jina lake ni Pamela, lakini pale kwetu karibu hakuna aliyemwita hivyo. Majirani walimwita Mama Awuor, kwa sababu yangu. Dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, alimwita Nyar Uyoma, msichana wa Uyoma, kwa maana kwetu mke huitwa kwa jina la kwao hata akizeekea kwa mume. Alikuwa mtu wa maneno na kicheko cha karibu. Aliuza mboga za kienyeji kando ya barabara, akichambua managu huku akibishana na wateja. Akikupenda anakutania, asipokupenda anakuuzia tu. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu kama huyo anaweza kwenda mahali huku mwili wake umebaki umekaa kitandani.

Alijifungua mtoto wa kiume mvua ikinyesha, akaitwa Okoth, kama watoto wote wa mvua. Siku za kwanza tulidhani Mama ana furaha iliyopita kiasi. Hakulala. Alifua nguo safi, akazianika, akazianua, akazifua tena. Aliongea mfululizo, maneno yakikimbizana, na ukimjibu hangojei umalize. Halafu kicheko kikakatika. Akaanza kusema kwamba redio ya jirani inasoma habari zake. Akamtazama mtoto, akamtazama sana, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu si wangu. Wamenibadilishia." Kunyonyesha alikataa kwa sababu maziwa yake, alisema, yameingia sumu. Lakini sisi hatukulijua hilo mapema, maana alikuwa akitupa mgongo, mtoto akiwa chini ya leso, tukadhani ananyonya.

Okoth alilia. Alilia kilio ambacho mpaka leo nikikisikia kwa mtoto wa mtu sokoni, nageuka kumtafuta mama yake. Baba alikuwa fundi wa masanduku ya mabati, mtu wa maneno machache, ambaye kwa kawaida haonekani nyumbani kabla ya jioni. Sasa akawa anarudi mchana, anasimama mlangoni kofia mkononi, anamwangalia Mama, anarudi kazini bila kula. Mwishowe akapanda gari kwenda Kisian kumleta mama yake.

Lazima niwaeleze Dani alifanya nini na kwa nini, maana watu wa siku hizi ni wepesi wa kucheka. Kwetu, mtoto akilia bila kunyamaza, huwa kuna aliyekufa anayetaka kuitwa ndani yake. Basi mtu mzima humpakata, akawataja waliotangulia, mmoja mmoja, na jina likimgusa mtoto hunyamaza, na hilo ndilo lake. Dani aliketi kwenye kigoda nje ya mlango, mtoto mapajani, akaanza taratibu, kama mtu anayebisha hodi. "Ni wewe, Oguta? Ni wewe, Ndege? Ni wewe, baba yangu?" Wanawake wa uwanja ule walisimama wakitazama. Mama Seline, ambaye nyumba yake ilipakana na yetu, hakuvumilia kile kilio. Aliingia kwake, akatoka na maziwa ya vuguvugu katika kikombe, akachuchumaa karibu na Dani akimtilia mtoto mdomoni kwa kijiko. Dani hakukatiza. "Ni wewe, Obura?"

Mtoto akanyamaza. Wanawake wakashusha pumzi. Obura alikuwa mjomba wa Dani, na kuanzia siku ile mdogo wangu akawa Obura. Niliona kijiko na nikasikia jina, vyote kwa pamoja, na akili yangu ikachukua jina. Nilikuja kukikumbuka kile kijiko nikiwa mtu mzima, mtoto wangu mwenyewe amelala mkononi, ameshiba.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwendea Dani jioni ile nikamwuliza, "Kama jina limemnyamazisha mtoto, la Mama ni lipi?"

Dani akashika tama. Alikuwa tayari analo. Mama alikuwa na dada yake, Akinyi, aliyekufa kwa malaria akiwa bado msichana wa shule. Mama alimwahidi kwamba binti yake wa kwanza atamwita kwa jina lake. Halafu nikazaliwa mimi, na kwa sababu ambazo watu wazima hawakunieleza, nikaitwa Awuor. Sasa Dani alisema, bila hasira hata kidogo, kwamba Akinyi amengoja amechoka, na alipoona mtoto wa pili ni wa kiume, ameamua kumchukua mwenye ahadi mwenyewe. Aitwe kwa jina, asikie kwamba ametambuliwa, atatulia na kumwachia.

Basi tukaanza kumwita Mama kwa jina la Akinyi. Dani alimwita hivyo, na mashangazi waliokuja kutazama wakamwita hivyo. Mimi nilimpelekea chai nikasema, "Akinyi, chai yako hii." Na cha kutisha ni kwamba aliitika. Alikuwa haitiki chochote kwa siku nyingi, lakini hilo aliliitikia. Tukatazamana kwa matumaini. Kisha akashika kikombe kwa mikono miwili, akaniuliza kwa upole, kama mgeni anayeuliza njia, "Na Pamela alienda wapi?"

Nilikuwa mtoto, na nilijua jambo moja tu, kwamba jina lile lilikuwa langu tangu mwanzo. Nisingeitwa Awuor, Akinyi asingekuwa na shida na mtu. Nilikosa usingizi kwa wazo hilo, nikalia shuleni, nikakosa hesabu ninazozijua. Mwisho nikakata shauri mwenyewe. Kama Akinyi anataka mwili, achukue wangu ambao ndio aliahidiwa. Nilimwambia mwalimu kwamba nimebadilishwa jina. Nilikwenda nyuma ya choo, mahali pasipo watu, nikasema kwa sauti, "Mimi ndio Akinyi. Toka kwa Mama, njoo hapa." Kisha nikasimama nikingoja, nimefumba macho. Sikuhisi kitu. Nikaamua kwamba itabidi nikaze, niwe Akinyi kwelikweli, nisiitikie jina lingine, mpaka anisadiki.

Mama Seline alinikuta kwenye foleni ya maji. Aliniita, "Awuor." Nikanyamaza. Akaniita tena. Watu wakageuka, mimi nikautazama mtungi wangu. Alikuja akaniinamia. "Wewe, masikio imeziba?"

"Mimi si Awuor. Mimi naitwa Akinyi."

"Tangu lini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa utaratibu kabisa, nikidhani atanisifu. Mama Seline alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ndoo yake chini. Aliniuliza jambo moja tu. "Na mama yako, nasikia anapelekwa. Wapi?"

Nikamwambia ninachojua. Dani alikuwa ameshapanga. Kulikuwa na nyumba ya maombi kule mlimani, juu ya Kisian, nami niliwahi kwenda huko na Dani, nikapenda ngoma na zile kanzu nyeupe. Nyuma ya kanisa kulikuwa na kibanda, na ndani yake watu wamekaa chini, kila mmoja mguu wake umefungwa mnyororo kwenye nguzo. Wanakaa hivyo wakiombewa mpaka kinachowasumbua kitoke. Sitaki mumwone Dani kama mtu katili. Ndugu yake mwenyewe, akiwa katika hali kama ya Mama, aliwahi kuondoka nyumbani akaingia ziwani mchana, watu wakimwangalia, wala hakutoka tena. Kwa Dani, mnyororo ule ulikuwa kama kamba ya ng'ombe, kitu cha kumzuia umpendaye asipotee.

Asubuhi ya safari, nguo za Mama zilikuwa zimefungwa kwenye shuka. Dani alikuwa na mtoto mgongoni. Mama alikaa kitandani akiwa amevaa viatu, ametulia, na utulivu wake ulikuwa mbaya kuliko makelele. Baba alikuwa amesimama katikati ya nyumba kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Ndipo Mama Seline akaja, na hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti, wateja wake wa uji wakiwa nyuma yake uwanjani, vikombe mkononi.

"Baba Awuor," akasema, "nisikize kabla hamjaenda. Hiyo kitu imeshika mama hapa, ilinishika mimi nilipozaa Seline. Nilitaka kumtupa kwa choo. Huyo Seline mnamwona akienda shule, mimi nilitaka kumtupa."

Baba akasema, "Mama Seline, hauhitaji kusema hayo."

"Nahitaji." Aliinama akateremsha soksi. Siku zote alivaa soksi ndefu, hata jua likiwaka, nasi tulidhani ana baridi ya miguu. Juu ya kifundo palikuwa na kovu jeusi lililozunguka mguu wote. "Mimi nilifungwa huko kwa maombi. Waliomba kweli, sisemi hawakuomba. Lakini sikulala, na chuma ikanila mguu. Kaka yangu ndio alikuja akanitoa, akanipeleka hospitali. Nikapewa dawa. Nikalala. Nilipoamka baada ya siku kadhaa, nikauliza mtoto wangu ako wapi. Mpaka leo nakunywa hiyo dawa kila jioni. Hii uji mnakunywa hapa imepikwa na mtu wa dawa."

Dani alimtazama kutoka juu mpaka chini. "Kwa hivyo wewe ni mwendawazimu."

"Nilikuwa mgonjwa, mama," akajibu. "Sasa niko na dawa." Kisha akanielekeza kidole. "Na huyu mtoto, muulizeni anaitwa nani."

Baba akanigeukia. "Awuor."

Nikakaza. Hata Baba sikumwitikia.

"Unaitwa nani?"

"Akinyi."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nataka anichukue mimi, ndio Mama aachiliwe."

Sijawahi, kabla wala baada ya hapo, kuona uso wa Baba ukifanya vile. Aliketi juu ya lile furushi la nguo, akafunika macho kwa kofia yake. Alipoitoa alikuwa amekata kauli. Akamwambia mama yake kwamba tutaita tuktuk, tunaenda hospitali.

"Na maombi?" Dani akauliza.

"Utatuombea, Mama. Hata hospitali Mungu ako."

Dani hakubishana. Alikaza tu leso iliyomfunga mtoto mgongoni. "Basi huyu narudi naye Kisian. Siwezi kuacha mtoto na mtu ambaye hajui yeye ni nani." Akatoka. Mama hakugeuka hata kumtazama mwanawe akichukuliwa. Kuanzia saa hiyo nilijua tunangojea mambo mawili, Mama arudi, na Dani amrudishe mtoto, na kwamba la kwanza linaweza kutokea bila la pili.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Hakuuliza habari za wafu wala za ahadi. Aliuliza Mama analalaje, anakula nini, anasikia sauti gani, kama amewahi kutaka kujiumiza. Halafu akamwambia Baba kwamba ni ugonjwa, unawapata baadhi ya akina mama wakishajifungua, unakuja kwa kishindo, na unatibika. Baba alirudi nyumbani akilirudia neno hilo la mwisho kama mtu anayejaribu funguo mlangoni.

Watoto hawakuruhusiwa wodini, kwa hiyo tulimwona Mama nje, kwenye benchi la uani. Mara ya kwanza nilitamani kurudi nyumbani. Alitembea kwa kuburuta miguu. Mikono ilimtetemeka, midomo ilikuwa imekauka, na nikimwambia kitu jibu lilichelewa. Nilisadiki kwamba wamemtoa Akinyi na Mama pia, wakabakiza ganda. Nilimwambia Mama Seline hivyo, maana ndiye aliyekuwa akinipeleka Baba akiwa kazini.

"Hapana," akasema. "Dawa ya kwanza ni nzito. Wacha alale kwanza. Mimi nilikuwa hivyo, nikidondokwa na mate kama mtoto. Daktari atapunguza. Wewe kaa tu karibu na yeye, usimwulize maswali."

Nikakaa. Na Mama Seline akakaa upande wa pili, akimwambia Mama bei ya mboga, nani amegombana na nani kwenye maji, mwenye nyumba amesema nini, bila kungoja kujibiwa. Muuguzi aliyekuwa akitusimamia, tuliyemwita Sista, aliniuliza jina langu. Nikasema Akinyi. Sikuwa tayari kulegeza, mambo yakiwa bado nusu. Nilimwona Mama akigeuza uso upande mwingine.

Wakati huo Mama Seline alikuwa akilipia maneno yake. Vibarua wa mjengo waliokuwa wakinywa uji kwake kila asubuhi walihamia kwa mwingine ng'ambo ya barabara. Kuna mama aliyemkataza mwanawe kucheza na Seline. Nilimwona akimwaga uji kwenye mtaro, sufuria nzima, akiisuuza polepole. Hakulalamika, wala hakututupia jicho la lawama. Hasira inanipanda nikikumbuka, maana baadhi ya hao hao ndio niliowaona juzi wakifuta machozi karibu na jeneza.

Mama alirudi kidogo kidogo. Siku moja aliuliza nani anakaa kwenye meza yake ya mboga. Siku nyingine akasema shati la Baba halijapigwa pasi. Halafu akauliza kuhusu mtoto, akalia, kwa sababu hakuweza kuukumbuka uso wake. Sista alimwita Baba na Mama Seline akawakalisha. Aliwaambia kwamba Mama akionekana mzima dawa isikatwe mpaka daktari aseme. Aliwaambia kwamba usingizi ukianza kumpotea tena wasingoje, wamlete. Aliwaambia kuhusu akina mama wengine wanaokutana pale kliniki, waliopita njia hiyo hiyo. Mwisho akasema mgonjwa asiitwe jina lisilo lake, amehangaika vya kutosha kujitafuta. Baba aliinamisha kichwa.

Mama alitoka hospitali siku ya jua. Nyumba tulikuwa tumeipiga deki, na Mama Seline alikuwa ameleta maziwa ya kopo na chupa, kwa sababu dawa zilikuwa zimemfanya asiweze kunyonyesha. Tulituma habari Kisian. Dani akajibu kwamba atakuja kujionea kwanza, na kama hataridhika atarudi na mjukuu wake, na hakuna wa kumwuliza.

Aliingia mchana, mgongoni mtoto aliyenenepa. Alikaa kwenye kiti kando ya mlango, wala hakumfungua. Mama alikuwa kitandani, mikono ameiweka katikati ya magoti ili isionekane ikitetemeka. Walisalimiana. Waliulizana habari za mvua, za mahindi, za mguu wa Dani. Mama hakumwomba mtoto. Nilijua anaogopa, si kwamba atanyimwa tu, bali kwamba atapewa na hatamtambua. Dani alimtazama, akamtazama, kama anayekagua shamba lililokuwa limeungua.

Mtoto akaamka, akaanza kulia.

Kilikuwa kile kile kilio. Baba akasimama, akakaa. Niliangalia mdomo wa Dani, nikingoja aanze kuwataja waliokufa. Alinyoosha mkono nyuma, akaifungua leso, akamleta mtoto mbele, akampakata. Mdomo wake ulifunguka, ukafungwa. Kilio kikazidi. Kisha akainuka na ule mguu wake mbaya, akavuka nyumba, akasimama mbele ya Mama.

"Nyar Uyoma," akasema, "chukua mtoto wako. Ako na njaa."

Mama alinyoosha mikono, ikitetemeka mbele yetu sote, akampokea. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akainua kichwa akanitafuta kwa macho nyumba nzima, mpaka akanipata pale nilipojibana nyuma ya pazia.

"Awuor," akasema, "pasha maziwa."

Nikaitika.